Biskuti za Mama Mkwe Wangu

Daktari aliyempima mama mkwe wangu kule Longisa alikuwa mpole kupita kiasi. Alimweleza taratibu kwamba moyo wake umechoka, presha iko juu na damu yake ina mafuta mengi, na kwamba asipoyapunguza, siku moja ataanguka ghafla jinsi mume wake alivyoanguka. Mama alimsikiliza hadi mwisho, mikono ameikunja juu ya mkoba. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye foleni huko nje, "Mafuta kani? Ya mimi ama ya ng'ombe?"

Nikamwambia ni yote mawili. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Niseme kwanza mimi ni nani katika vita hivyo. Mimi ni mke wa mwanawe wa mwisho. Nilizaliwa Londiani, kwa watu waliotoka Mkoa wa Kati wakaja kulima viazi, nikaolewa huku Bomet kwa watu wa ng'ombe na majani chai. Kikipsigis changu ni cha kusalimia, kushukuru na kufukuza mbuzi. Kikuyu cha Mama ni cha kuulizia viazi sokoni tu. Kwa hiyo mimi naye tunaongea Kiswahili, kila mtu na chake, yeye 'gani' akiitamka 'kani', na miaka yote hii hatujawahi kukosa lugha ya kugombania. Mume wangu yuko Nairobi kikazi na anatuongoza kwa simu.

Nilipompa habari za daktari, alitoa amri palepale: mafuta yaishe hapo nyumbani. Alisema hivyo huku anatafuna kitu. Sikumuuliza ni nini, lakini kilikuwa kinavunjika mdomoni vizuri sana, na mimi naijua sauti ya kuku wa kukaangwa.

Yeye alisema kwa wepesi kwa sababu hakuwa na kazi ya kutekeleza. Kwenye boma hili chai ni maziwa yaliyoonyeshwa maji kwa mbali. Kabichi inapikwa kwa krimu. Mursik, maziwa yetu ya mgando, iko kwenye kibuyu chake pembeni, inangoja mtu mwenye kiu. Ukimpa mgeni chai ya rangi anauliza kama ng'ombe amekufa, na hafanyi mzaha, anataka kujua kama alete pole.

Nilianza na maziwa. Kila asubuhi niliyachemsha, nikayaacha yapoe, kisha nikaengua ule utando wa juu, mnene, wa manjano, unaokunjamana kwenye kijiko. Kuumwaga sikuthubutu. Katika boma hili mtu akimwaga maziwa anaitiwa kikao, na ukimpa mbwa ni kama umemtukana ng'ombe mbele ya watoto wake. Basi nikawa nautia kwenye bakuli langu, na jioni napondea viazi. Viazi vya Londiani vikipondwa na krimu ya Bomet, hapo ndipo koo zetu mbili zinapokubaliana kabisa. Nilijiambia kwamba mtu mmoja lazima ajitolee, na kwa kuwa mimi si mgonjwa, nijitolee mimi.

Saa kumi ndiyo iliyonishinda. Saa kumi, mvua ikishapita, Mama hukaa kwenye kigoda chake pale barazani, akitazama zizi na majani chai yaliyo nyuma yake, na hapo hunywa chai na mandazi. Mandazi nilikuwa nimeyapiga marufuku. Siku ya kwanza bila mandazi alikaa na kikombe mkono mmoja, ule mwingine ukiwa magotini hauna kazi, na hakusema neno. Huyu ni mtu anayeanza kuongea kabla jogoo hajaamka. Kimya kile kilinitia hofu kuliko maneno ya daktari.

Nikaingia kwenye simu kutafuta, nikakuta biskuti zisizo na mafuta za otsi, ile nafaka ya uji wa kizungu. Vitu vyake havikuwa vya ajabu: otsi, ndizi zilizoiva sana, ute wa mayai, asali kidogo, mdalasini. Picha ilikuwa na mwanamke anayecheka peke yake katika jikoni jeupe lisilo na hata sufuria moja. Nilipaswa kujua kwamba mtu asiye na sufuria hana wa kumpikia.

Sisi sufuria tunazo, na zote zilikuwa ndani ya oveni. Tangu mume wangu anunue lile jiko la gesi, oveni imekuwa kabati. Nilizitoa moja moja nikazipanga sakafuni, na huko nyuma kabisa nikapata karai ambalo nilikuwa nimemsingizia jirani kwamba alilikopa akakataa kulirudisha. Nikaliosha nikaliweka kando mpaka nitakapopata ujasiri.

Maelezo yalisema upime kwa gramu. Mimi nilipima kwa kikombe cha bati. Maelezo yalisema uondoe viini vya mayai, nikaviondoa, nikavikaanga nikavila na chapati maana kutupa yai ni dhambi. Biskuti zilipofika katikati, gesi ikaisha. Nikawasha makaa, nikazihamishia kwenye sufuria, nikafunika na kuweka makaa mengine juu ya kifuniko, jinsi mama yangu alivyokuwa akioka keki za Krismasi. Zilitoka zikiwa nyeusi chini, nyeupe juu, na katikati sijui niseme rangi gani.

Mama aliishika moja akaigeuza. Akainusa.

"Hii si ile nyasi mnapandia ng'ombe huko kwenu?"

Hapo alikuwa na haki. Kwetu Londiani otsi ni chakula cha ng'ombe wa maziwa, tunazikata zikiwa kijani na kuwatupia, na sijawahi kumwona mzee yeyote wa kwetu akizitamani.

"Hizi ni tofauti, Mama. Hizi ni za watu."

"Watu kani?"

"Watu wa presha."

Akaichovya kwenye chai ili ailainishe. Ikamponyoka ikaenda chini. Tuliinama wote wawili tukachungulia kikombe. "Imezama," akasema, bila lawama, na akainywa chai yote juu yake, ile biskuti ikabaki chini.

Sikukata tamaa. Nilitia karoti iliyokwaruzwa. Nilitia zabibu kavu. Nilijifunza kuacha ndizi zigeuke nyeusi kabisa, mpaka mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi akauliza kwa nini tunafuga nzi. Biskuti zikaanza kushikana, zikaanza hata kunukia. Na mkebe ukaanza kupungua. Nilikuwa naujaza Jumamosi, na kabla wiki haijafika mbali nausikia ukilia mtupu Mama akiurudisha kabatini. "Imeisha," anasema. "Pika ingine."

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya kijinga kiasi hicho. Nilimpigia mume wangu, naye akawatangazia wenzake kazini, na nasikia kuna mmoja aliyemwomba maelezo ya kupika. Nikaanza kuwashauri watu ambao hawakuniuliza. Ukinisalimia njiani, kabla hujamaliza nimeshafika kwenye kolesteroli. Ndipo nikaamua kuwaokea akina mama wa kanisa walipokuja kwetu kwa maombi.

Walikula. Walikula polepole, macho mbele, jinsi watu wanavyokaa kwenye mahubiri marefu. Hakuna aliyebakisha, kwa sababu wamelelewa vizuri, na hakuna aliyeongeza. Kesho yake asubuhi jirani yule yule niliyemsingizia karai akaja akiwa na kitu chini ya leso. Alimvuta Mama kando akamnong'oneza, lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi na mimi nina masikio.

"Tulionja jana tukaona vile mambo iko. Hakuna aibu. Hata sisi tumewahi kupika bila."

Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia. Mama alilipokea kwa mikono miwili. "Kongoi," akashukuru, kwa unyenyekevu wa mjane aliyekumbukwa, akamsindikiza mgeni wake hadi langoni, na aliporudi alijiegemeza ukutani akacheka mpaka akapangusa machozi kwa kitambaa cha kichwa. Mimi sikucheka. Nililiweka lile kopo juu ya kabati, mbali, na nikawa na hasira nalo kwa wiki nzima.

Sasa, maziwa yetu ya asubuhi, yale yanayobaki tukishatoa ya nyumbani, huchukuliwa na mzee mmoja wa pikipiki. Ni mzee wa maneno machache, anapima, anamimina, anaenda zake. Siku hiyo alipima, akasimama, akapima tena.

"Maziwa yenu siku hizi iko nzito," akasema. "Iko na mafuta. Mnalisha nini huyu?"

Nikamwambia ni nyasi na unga wa ng'ombe, kama kawaida. Mama alikuwa amesimama karibu nami. Ghafla akaona kuku wa kufukuza, na akamfukuza mpaka nyuma ya nyumba.

Hata mimi nilikuwa nimegundua kwamba kijiko changu cha asubuhi kimekuwa kizito. Niliona ni baraka, sikuona sababu ya kuichunguza baraka. Lakini yule kuku hakuwa amefanya kosa lolote. Jioni hiyo Mama alipochukua ndoo kwenda kukamua, nikamfuata.

Alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe wetu mwekundu, ndoo bado iko chini. Mfuko wa aproni yake umejaa. Alitoa biskuti, akaivunja vipande viwili, akapukuta unga mkononi, na ng'ombe akatoa ulimi ule mrefu wa kijivu akaichukua kwa heshima zote. Mama alikuwa anamsimulia kitu kwa Kikipsigis, pole pole, kama wanawake wanavyosemezana kwenye mlango wa kanisa. Niliambulia neno moja tu, Londiani.

"Mama."

"Eeh." Hakushtuka hata kidogo. Akatoa nyingine.

"Hizo nimepika za moyo wako."

"Na huyu hana moyo?"

Nikamwambia kwamba ninasimama jikoni kila Jumamosi kwa ajili yake, kwamba vidole vyangu vimeungua, kwamba nimeaibishwa mbele ya kanisa zima. Aliniacha nimalize. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole, "Wewe umekula ngapi?"

"Mimi huonja tu."

"Unaonja, unatema?"

Nikatazama ndoo.

"Hapa kwetu mtu akipika, anakaa chini anakula na wewe. Chakula yenye mpishi mwenyewe hakuli, hiyo ni dawa. Na dawa niko nayo mfuko mzima."

"Lakini mimi si mgonjwa, Mama."

"Hata huyu si mgonjwa," akasema, akimpapasa ng'ombe shingo, "na anakula."

Nilirudi jikoni nikalia kwa hasira, na nilipochoka kulia nikaponda viazi.

Hasira ilikuwa ya juu juu. Chini yake kulikuwa na hofu, na hofu yangu nitaisema wazi. Baba mkwe alianguka mlangoni mwa zizi lile lile, ndoo mkononi, maziwa yakamwagika mpaka kwenye gumboots zake, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameenda. Mama alikuwa barazani akaona yote. Sikutaka yeye naye aende hivyo. Kuna mwaka ambao watu wa kwetu na watu wa kwake hawakuwa wakisalimiana, nyumba zilichomwa, na mume wangu alikuwa mbali. Mama alichukua kigoda chake akakiweka mlangoni pangu, akatoa shanga zake, akakaa hapo mchana na usiku akizitunga, na kila kijana aliyekuja na rungu alimuuliza mama yake ni nani na kama anajua yuko wapi. Hakuna aliyepita. Moyo uliofanya kazi ile ndio daktari anasema umechoka. Mimi nauhitaji bado, ndiyo maana nilikuwa nauchomea vidole.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika tuliondoka, mimi bado nimenuna. Muuguzi alimfunga Mama kile kitambaa cha presha, akatazama mashine, akatabasamu. Imeshuka kidogo, akasema. Si mbaya. Nilifikiria mandazi yaliyopigwa marufuku na krimu iliyoenguliwa, na nikajivuna tena kimoyomoyo, ng'ombe au hakuna ng'ombe.

"Na wewe mama, keti hapo," muuguzi akaniambia. "Leo tunapima kila mtu anayesindikiza."

Nikaketi kwa sababu ni vibaya kukataa. Mashine ikanibana mkono, ikapumua. Muuguzi hakutabasamu. Akabadilisha mkono, akapima tena. Akaniambia nitulie, nivute pumzi, tungoje, akapima tena. Kisha akavuta kiti chake karibu na kuniuliza ninakula nini.

Nikasema ninakula vizuri. Mboga.

"Anakula viazi na krimu," Mama akasema kutoka kwenye benchi. "Kila jioni. Krimu ya maziwa yangu yote. Na ile njano ya mayai anakaanga. Mimi huona."

Alikuwa ameona yote. Na hapo, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya watu walioshika kadi zao, nikaiona safari nzima. Biskuti nilizoondoa mafuta kwa mikono yangu zilikwenda kwa ng'ombe. Ng'ombe akazigeuza krimu. Krimu nikaiengua ili isimdhuru mama mkwe, nikaila mimi. Sijui kama sayansi inakubali mambo hayo, lakini damu yangu ilikubali. Presha yangu ilikuwa juu kuliko yake, juu kwa mbali, na muuguzi alinieleza kwa ule ule upole uliopita kiasi mambo ninayoyajua kwa moyo, kwa sababu mimi ndiye ninayewahubiria watu njiani.

Nilingoja Mama acheke. Alikuwa na kila haki, na ningekuwa mimi ningecheka wanisikie mpaka soko la Chepilat. Hakucheka. Tulipotoka alinishika kiwiko, akanishika hivyo mpaka tukafika barabarani, na kwenye kila kishimo aliniambia, "Polepole." Mimi niliyekuja kumsindikiza.

Nyumbani hakunipa nafasi ya kuingia jikoni. Alichemsha maziwa mwenyewe, akayaacha yapoe, akaengua krimu yote kwa mkono usiotetemeka na kuitia kwenye kikombe. Akapanda kwenye kiti, na nilipofungua mdomo kumkataza akanitazama nikaufunga. Akashusha lile kopo la mafuta la juu ya kabati. Kikombe mkono mmoja, kopo kwapani, na karai kichwani, maana karai nalo alikuwa amejua habari zake siku nyingi, akaenda kwa jirani. Sijui alimwambia nini. Alirudi mikono mitupu.

Saa kumi ikafika. Mvua ilikuwa imepita. Barazani kulikuwa na vigoda viwili, na katikati mkebe wa biskuti, na vikombe viwili vya chai nyembamba ambayo mgeni yeyote angeletea pole.

"Keti," akasema.

Nikaketi.

"Kula."

"Wewe kwanza, Mama."

"Mimi nakula, wewe unakula."

Akachukua moja, nikachukua moja. Tuliuma pamoja. Tulitafuna kwa muda mrefu, kwa sababu zinahitaji muda. Katika wiki zote zile sikuwa nimewahi kumaliza moja nzima.

"Ni mpaya," akasema.

"Ni mbaya sana," nikakubali.

Alimeza, akanywa chai, akatazama mlango wa zizi. "Mzee alianguka hapo. Mimi nilikuwa nimekaa hapa. Nilisema, yangu ikikuja, sawa tu, nimekula miaka yangu, sitaki kusumbuana na nyasi." Akapangusa chenga kwenye magoti. "Lakini wewe, hapana. Siwezi kaa hapa tena nione wewe. Hiyo siwezi."

Nilichukua ya pili nikaila yote. Alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akachukua ya pili na yeye.

Ng'ombe alikuwa ametuona. Alikuja mpaka kwenye ua, akaegemeza kidevu kwenye mbao, akalia mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa kudai. Mama akafunika mkebe, akauweka magotini mwangu.

"Nyamaza," akamwambia, na alimwambia kwa Kiswahili, nisikie na mimi. "Hii ni ya msichana wangu."